Umeme 'unaozurura' zizini: Ng'ombe anausikia, mfugaji hausikii

NG'OMBE wa maziwa anaposita kuingia mahali pa kukamulia, anaporusha mateke bila sababu ya kuonekana, au anapofika kwenye maji na kuyalamba juu juu badala ya kuzamisha mdomo na kunywa, mfugaji mzoefu huwaza mambo mengi. Huwaza maradhi ya kiwele, chakula kibovu, au mkamuaji mwenye mikono migumu. Ni wachache wanaowaza umeme.

Hata hivyo, kwa zaidi ya nusu karne wafugaji, wahandisi na madaktari wa mifugo wa Marekani, Kanada, Australia na New Zealand wamekuwa wakihangaika na umeme mdogo unaofika mahali usipotakiwa, yaani kwenye bomba la maji, kizuizi cha chuma, mashine ya kukamulia au sakafu yenyewe ya zizi. Umewagombanisha wafugaji na kampuni za umeme, na umefika hadi mahakama kuu za majimbo.

Wahandisi wanaueleza kuwa ni tofauti ndogo ya volti, kwa kawaida isiyofika volti 10, kati ya sehemu mbili ambazo mnyama anaweza kuzigusa kwa wakati mmoja. Kwa Kiswahili unafaa kuitwa umeme wa kuzurura, kwa kuwa umeacha njia yake na kwenda usikopelekwa. Usichanganywe na upotevu wa umeme ambao mashirika ya ugavi huutaja katika taarifa zao za mwaka. Huo ni hasara ya biashara na hauhusiani na kwato za mnyama.

Mzozo wenyewe unazunguka kiasi kidogo sana cha umeme. Katika nyumba inayotumia volti 230, volti moja ni kitu ambacho hakuna fundi angekijali. Kwa ng'ombe aliyesimama juu ya zege lililolowa, volti hiyo moja ndiyo mpaka ambao wataalamu, wadhibiti na mahakimu wamekuwa wakiubishania.

Njia ya kurudi

Umeme husafiri kwa mzunguko. Ule unaotoka kwenye transfoma kwa waya wenye moto lazima urudi, na njia yake ya kurudia ni waya wa nyutro. Waya huo, kama ulivyo waya wowote, una ukinzani wake, hivyo mkondo unapopita ndani yake volti kidogo hujitokeza. Kwa ajili ya usalama nyutro huunganishwa na ardhi, na vyuma vya banda huunganishwa na mfumo huohuo. Basi volti iliyoko kwenye nyutro huonekana pia kwenye bomba, kwenye hori na kwenye kizuizi cha chuma.

Katika Amerika ya Kaskazini jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya namna njia za umeme wa vijijini zilivyojengwa. Huko waya wa nyutro wa msongo wa kati husafiri pamoja na waya wenye moto, nguzo kwa nguzo, na kanuni za usalama za Marekani zinataka uunganishwe na ardhi si chini ya mara nne katika kila maili. Unapofika kwenye transfoma ya shamba, kwa kawaida hufungwa pamoja na nyutro ya shamba lenyewe. Matokeo yake ni kwamba sehemu ya mkondo unaorudi kituoni hupita ardhini, na zizi la mtu mmoja laweza kupata volti zilizosababishwa na matumizi ya majirani zake.

Nyingi kati ya njia hizo zilijengwa baada ya sheria ya umeme vijijini ya mwaka 1936, wakati shamba lilipohitaji taa chache na redio. Baadaye yakaja matangi ya kupoza maziwa, pampu, feni na mashine za kukamulia. Mizigo ikaongezeka juu ya nyaya zilezile, na viungo vya nyaya vikashika kutu. Saa za kukamua nazo, alfajiri na jioni, huangukia katika saa ambazo kijiji kizima kimewasha majiko na taa.

Lakini si kila volti hutoka barabarani. Chanzo kinaweza kuwa ndani ya shamba: kiungo kilicholegea katika nyutro ya banda, mota yenye waya uliochunika, mashine ya ua wa umeme iliyofungwa vibaya, au mizigo iliyoelemea upande mmoja wa mfumo. Mara nyingine vyanzo vya ndani na vya nje hujumlishana, na hapo ndipo ubishi wa nani alipe unapokuwa mgumu.

Yafaa pia kutenganisha jambo hili na hitilafu inayoua. Januari 2004 mwanamke aliyekuwa akitembeza mbwa wake jijini New York alikufa baada ya kukanyaga bamba la chuma la barabarani lililokuwa na umeme. Vyombo vya habari viliutaja umeme ule kwa jina hilohilo linalotumika mashambani, ilhali ulitokana na waya ulioharibika na kugusa chuma. Umeme wa kuzurura wa zizini unaweza kuwapo hata pale ambapo kila waya ni mzima na kila kanuni imefuatwa.

Kwato nne na mdomo wenye maji

Kwa nini ng'ombe ahisi kile ambacho mwenye ng'ombe hakihisi? Jibu liko katika ukinzani wa mwili na namna unavyogusana na ardhi. Mkono mkavu wa binadamu una ukinzani wa maelfu ya omu, na mfugaji huvaa buti za mpira. Ng'ombe husimama kwa kwato nne zilizolowa maji, mkojo na samadi, kisha huweka mdomo wenye mate juu ya chombo cha chuma. Watafiti wamekubaliana kutumia omu 500 kama makadirio ya ukinzani wa ng'ombe pamoja na mahali anapokanyaga.

Kwa hesabu ya darasani, volti 1 ikigawanywa kwa omu 500 hutoa miliampia 2. Hiyo ndiyo namba inayorudiwa katika kila kanuni, kila ripoti na kila kesi ya umeme wa kuzurura. Kinachomgusa mnyama ni mkondo unaopita mwilini mwake. Volti ni kile tu ambacho kipimo husoma kwa urahisi.

Njia ya mkondo yaweza kuwa kutoka mdomoni hadi kwenye kwato, au kutoka kwato za mbele hadi za nyuma, pale sakafu yenyewe inapokuwa na tofauti ya volti kati ya sehemu moja na nyingine. Hii ya pili humsumbua ng'ombe hata asipogusa chuma chochote. Ndiyo maana mlango wa mahali pa kukamulia, ambapo ardhi ya nje hukutana na zege lenye nondo, ni sehemu inayochunguzwa kwanza.

Ng'ombe anaposhtuliwa akinywa, hujifunza kuogopa maji. Madhara yake ni makubwa kuliko mshtuko wenyewe, kwa sababu maziwa ni maji kwa takriban asilimia 87, na ng'ombe asiyekunywa vya kutosha hawezi kutoa maziwa ya kutosha. Anaposhtuliwa akikamuliwa, maziwa hayateremki sawasawa, chuchu moja humalizika kabla ya nyingine, kukamua huchukua muda mrefu na kiwele hubaki na maziwa. Wafugaji wengi walioathirika wametaja pia kuongezeka kwa maradhi ya kiwele na ng'ombe kushindwa kushika mimba.

Ugumu ni kwamba hakuna hata moja kati ya dalili hizo iliyo ya umeme peke yake. Mashine ya kukamulia yenye mvuto mkali kupita kiasi hufanya ng'ombe arushe mateke. Maji machafu hayanywewi. Chakula kisicho na uwiano hupunguza maziwa na uzazi. Daktari wa mifugo anayetamka umeme kabla ya kuangalia hayo yote anakosea, sawa na fundi anayesema hakuna tatizo kwa kuwa yeye hakurushwa.

Maabara na shamba

Maandiko ya kwanza kuhusu suala hili yalitoka Australia mwaka 1948, yakafuatiwa na ya New Zealand katika miaka ya 1960. Muda mfupi baadaye watafiti wa jimbo la Washington, Marekani, nao wakaanza kulichunguza. Mwaka 1991 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitoa kitabu cha mwongozo, namba 696 katika mfululizo wake, kilichokusanya utafiti wa wakati ule na kueleza namna ya kupima na kurekebisha.

Majaribio hayakuwapa wafugaji ushahidi wote waliotarajia. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell uliochapishwa mwaka 1992, ng'ombe waliwekewa volti 1, 2 au 4 kwenye vyombo vya maji kwa kipindi chao chote cha kukamuliwa. Kiasi cha maziwa hakikutofautiana kwa namna ya maana na cha wenzao wasiowekewa umeme. Wengi walisita mwanzoni, kisha wakazoea.

Tafiti nyingine, zikiwamo za Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, zilionyesha kwamba ng'ombe hawafanani. Wale wepesi zaidi huanza kuonyesha dalili mkondo unapofika miliampia chache tu. Wengine hawatikisiki hadi ufike mara mbili au tatu ya hapo. Kutikisa mguu, kwa watafiti, si sawa na kupungua maziwa. Kwanza mnyama huhisi, kisha huonyesha kwamba amehisi, na mkondo ukizidi ndipo hukwepa mahali penyewe na uzalishaji kuathirika.

Jimbo la Minnesota nalo liliteua jopo la wanasayansi baada ya wafugaji kudai kwamba mkondo unaopita ardhini, hata bila ng'ombe kugusa chuma, huwadhuru. Ripoti ya jopo hilo ya mwaka 1998 haikupata ushahidi wa kuaminika wa dai hilo. Ilirejesha macho kwenye volti ambazo mnyama anazigusa, na kwenye lishe, maji na usafi.

Wafugaji na mawakili wao wana jibu lao. Katika majaribio ng'ombe hupewa volti isiyobadilika, mahali palepale, akiwa na afya njema na chini ya uangalizi wa kila siku. Shambani volti hupanda na kushuka kwa dakika, hutokea leo kwenye maji na kesho kwenye mlango, na humkuta ng'ombe aliyetoka kuzaa au mwenye kiwele kinachouma. Hoja hiyo haijathibitishwa kwa namba, lakini si ya kupuuzwa, na mahakamani imesikilizwa.

Mpaka ambao si ngao

Wisconsin, jimbo linalojulikana kote Marekani kwa maziwa na jibini, ndilo lililokwenda mbali zaidi katika kuweka mpaka. Mwaka 1996 Tume ya Huduma za Umma ya jimbo hilo iliweka miliampia 2, au volti 1 katika kipimo chenye omu 500, kuwa kiwango cha kutia wasiwasi. Kiwango hicho hakikuwekwa kama alama ya madhara. Kiliwekwa chini ya pale ambapo madhara yalitarajiwa, ili hatua zichukuliwe mapema.

Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Wisconsin iliamua kesi ya familia ya wafugaji dhidi ya ushirika wa umeme wa vijijini. Baraza la wazee wa mahakama lilikuwa limewapa wafugaji hao dola 300,000, ingawa liliona kwamba theluthi moja ya kosa ilikuwa yao. Mahakama ilikubali kwamba umeme unaoingia katika shamba la mtu kwa njia hiyo unaweza kuhesabiwa kuwa kero kisheria, kama moshi au uvundo wa jirani.

Uamuzi uliozishtua zaidi kampuni za umeme ulikuja mwaka 2003. Mfugaji mwingine wa Wisconsin alikuwa amepewa takriban dola milioni 1.2. Kampuni iliyoshtakiwa ilijitetea kwamba vipimo vilivyofanywa shambani vilikuwa chini ya kiwango cha Tume, hivyo haiwezi kuitwa zembe. Mahakama ya Juu ilikataa utetezi huo. Ilieleza kwamba kufuata kiwango cha mdhibiti hakumwondolei mtu wajibu wa kuchukua tahadhari, na kwamba wazee wa mahakama wanaweza kupima ushahidi wote, ukiwamo wa ng'ombe wenyewe.

Hapo ndipo kiini cha suala lote kinapoonekana. Namba ya wanasayansi inazungumzia ng'ombe wengi kwa wastani, na kesi inamhusu mfugaji mmoja mwenye kundi lake. Kampuni hutaka mpaka unaofunga mjadala; mfugaji aliyepoteza kundi hutaka mtu wa kuwajibika. Kiwango cha miliampia 2 kimesaidia sana kujua wapi pa kuanzia kazi, lakini hakikumaliza ubishi.

Majimbo mengine yalifuata njia zao. Idaho ilitunga sheria maalumu ya umeme wa kuzurura mwaka 2005. Katika jimbo la Ontario, Kanada, Bodi ya Nishati iliweka kanuni mwaka 2009 zinazotumia volti 1 na miliampia 2 kama kipimo cha kuanzia uchunguzi, na kumlazimu msambazaji apunguze sehemu inayotoka kwenye mfumo wake ikizidi nusu ya hapo.

Kupima, kisha kurekebisha

Kipimo sahihi hakifanywi kwa kugusisha ncha za kipima volti popote. Fundi huweka bamba la chuma sakafuni mahali kwato zinapokanyaga, huunganisha rezista ya omu 500 badala ya ng'ombe, kisha hupima kati ya bamba hilo na kile ambacho mnyama hugusa. Kifaa cha kurekodi huachwa kwa saa 24 au zaidi, kwa kuwa kipimo cha saa nne mchana, wakati mashine zimezimwa, hakisemi lolote kuhusu saa 11 alfajiri.

Kuna pia jaribio la kuzima swichi kuu ya shamba. Volti ikibaki, sehemu yake inatoka nje. Ikitoweka, uchunguzi huanza ndani, ingawa hata hapo fundi makini hakati shauri haraka, maana kuzima shamba hupunguza pia mkondo katika nyutro ya njia kuu.

Tiba hufuata chanzo. Mara nyingi ni kukaza viungo, kubadilisha nyaya zilizochakaa na kusawazisha mizigo. Kampuni inaweza kuweka nyutro nene zaidi, au kifaa kinachotenganisha nyutro ya njia kuu na ya shamba. Katika mabanda mapya kanuni za umeme za Marekani zinataka wavu wa chuma ulazwe ndani ya zege na kuunganishwa na vyuma vyote vilivyo karibu, ili kila anachogusa ng'ombe kiwe na volti sawa na sakafu anayokanyaga. Pasipo tofauti ya volti hapana mkondo.

Jambo moja lisilofaa kabisa ni kukata waya wa ardhi ili volti itoweke. Yaweza kutoweka kweli, na siku mota itakapoharibika umeme wote utabaki kwenye chuma, ukimsubiri ng'ombe au mtoto.

Pale kipimo kinapokosa jibu

Si kila kisa kimeishia kwenye waya. Huko Nozay, magharibi ya Ufaransa, wafugaji wa mashamba mawili walianza kulalamika kuhusu maziwa kupungua na ng'ombe kufa baada ya mitambo minane ya upepo kujengwa karibu nao mwaka 2012. Shirika la taifa la usalama wa chakula na mazingira lilichunguza, na mwaka 2021 likahitimisha kwamba kuna uwezekano mdogo mno kuwa mitambo hiyo ndiyo chanzo. Wafugaji walibaki na mizoga, na maelezo hayo hayakuwatosha.

Tanzania na Kenya

Kwa mfugaji wa Tanzania au Kenya mazingira ni tofauti. Njia za msongo wa kati za kilovolti 11 na 33 kwa kawaida hazina waya wa nyutro unaotembea na kuunganishwa na ardhi kila baada ya nguzo chache kama Marekani. Nyutro huanzia kwenye transfoma ya kijiji au mtaa. Hivyo chanzo kikuu cha ugomvi wa Wisconsin hakipo kwa sura ileile.

Kilichopo ni chanzo cha ndani. Ng'ombe wa kisasa anayefungiwa bandani huko Kilimanjaro au Kiambu yuko karibu na mashine ya kukata majani, pampu ya maji, taa na pengine mashine ya kukamulia, mara nyingi juu ya sakafu yenye maji na chini ya bati. Nyaya zilizovutwa na kishoka kutoka nyumbani hadi bandani, zikafungwa kwenye nguzo ya chuma bila waya wa ardhi, zinaweza kuleta volti chache za kumsumbua mnyama au volti 230 za kumuua. Kifaa kinachokata umeme pindi unapovuja, pamoja na waya wa ardhi uliofungwa ipasavyo, huzuia mauti, lakini hakiwezi kugundua kila mkondo mdogo unaomfanya ng'ombe aogope maji.

Tena hali hubadilika kwa majira. Wakati wa kiangazi udongo hukauka, na fimbo ya chuma iliyochomekwa ardhini hupitisha mkondo kwa shida, hivyo vyuma vilivyounganishwa nayo vinaweza kubaki na volti zaidi pale waya unapovuja. Masika sakafu hulowa, na kwato hupitisha mkondo kwa urahisi zaidi. Fundi anayetaka kulijua banda alipime nyakati zote mbili, asubuhi na jioni, mashine zikiwa zinafanya kazi na ng'ombe wakiwa wametolewa nje.